Revi ya mimea: namna ya kuifikisha nzima kwa memba

Dikuluwe, upande wa Kolwezi, kila mfanyakazi wa mukuba anaijua. Ni jina la karyere, ni jina la kazi, kwa watu wengi ni jina la mkate wa watoto. Lakini wachache wanajua kwamba Dikuluwe ni jina la mmea pia. Wataalamu waliuita Acalypha dikuluwensis, juu ya mahali ulipookotwa. Ulikuwa mmea wa udongo wenye mukuba. Ulionekana mara ya mwisho mwaka wa 1959. Kisha mashini zikachimba, udongo wa juu ukaondoka, na mmea ukaondoka nao. Mwaka wa 2012 UICN, shirika la kimataifa la kulinda viumbe, iliuandika katika orodha ya mimea iliyokwisha duniani.

Leo hata mtu akija na pesa nyingi hawezi kununua mbegu yake. Umebaki paka mu makaratasi: matawi makavu yaliyobandikwa juu ya karatasi mu nyumba za kutunzia mimea, na maneno yaliyochapwa mu revi za wataalamu. Njo maana gazeti hili linaleta leo habari inayoonekana ndogo: namna gani revi ya chama cha mimea inasafiri kwa posta, na namna ya kuifikisha nzima. Mlima ukikwisha kuchimbwa, karatasi njo inabaki kuwa shahidi.

MILIMA ISIYO NA MITI

Wazee wetu walioyeyusha mukuba mbele ya kampuni kufika, wale walioitwa wala mukuba, walijua kusoma mlima. Mu pori la Katanga miti iko kila mahali. Ukikuta kilima kina upara, hakuna miti, paka majani na maua, unajua chini kuna kitu. Mukuba ukizidi mu udongo ni sumu kwa miti mingi. Inabaki ile mimea iliyozoea.

Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, ndugu ya lumba-lumba, wenye watu wanaoita ua la mukuba. Unaota hata pale palipokuwa tanuru za wazee, kwa sababu udongo wa pale ulibaki na mukuba. Wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata ule mmea na wakazikuta tanuru zenyewe. Mwingine ni Crotalaria cobalticola. Jina lake lenyewe linasema unakaa wapi. Juu ya milima ya mukuba na kobalti ya Katanga, wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea. Karibu aina 30 kati ya hizo hazioti mahali pengine popote duniani.

Habari hizo ziliandikwa wapi? Sehemu kubwa iliandikwa mu revi ya chama cha mimea. Kule Ubelgiji kuna Société royale de botanique de Belgique, chama kilichoanza mwaka wa 1862. Mwaka wa 1958 mtaalamu Paul Duvigneaud alichapisha mu Bulletin ya chama hicho uchunguzi mrefu, zaidi ya kurasa 150, juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wa madini. Mwaka wa 1963 alirudia, pamoja na S. Denaeyer-De Smet, kwa kazi nyingine juu ya mukuba na mimea. Toka pale kila mwanafunzi wa Lubumbashi anayegusa habari hii anapita mu kurasa zile. Kama kurasa zingeozea mu mfuko wa posta, wangezisoma wapi?

MEMBA ANALIPA NINI?

Vyama vya mimea viko vingi duniani. Kule London, chama cha mabustani kinachoitwa leo Royal Horticultural Society kilianza mwaka wa 1804, na memba wake wanapokea revi yenye jina The Garden. Kule Marekani, watu wanaopenda kaktusi na mimea yenye kutunza maji walianza chama chao mwaka wa 1929, na revi yao ikaanza mwaka uleule.

Desturi ni moja: mtu analipa mchango wa mwaka, chama kinamtumia revi. Memba anayeishi karibu anaweza kwenda mu mikutano, kutembelea bustani, kubadilishana mbegu na wenzake. Lakini anayeishi mbali, tuseme agronoma mu kampuni ya madini ao mwalimu wa biolojia ku Likasi, hana mkutano, hana bustani ya chama. Kwake chama ni ile revi. Ikifika imepasuka ao imeshikana sawa tofali, mchango wake umekuwa maji.

ADUI WA REVI MU SAFARI

Wa kwanza ni maji. Hapa wafanyakazi wa madini watatuelewa vizuri. Karatasi ile ya kung’aa, yenye picha za rangi, inang’aa kwa sababu imepakwa jiwe: kaolini, ule udongo mweupe, ao chokaa iliyosagwa laini, pamoja na kitu cha kushikisha. Maji yakiingia, kile cha kushikisha kinalainika. Kurasa zikikauka zikiwa zimefungwa, zinagandamana. Ukivuta, picha ya ukurasa mmoja inabaki juu ya mwenzake. Gazeti la kawaida, lenye karatasi isiyong’aa, linaweza kulowana na kukauka, likabaki la kusomeka. Revi ya kung’aa haisamehe.

Wa pili ni kukunjwa. Revi inaingia mu mfuko mkubwa pamoja na vitu vizito, inalaliwa, pembe zinavunjika. Wa tatu ni kusuguana: safari ndefu juu ya barabara mbaya inatoboa karatasi nyepesi kwenye pembe na kwenye agrafi za mgongo. Wa nne ni anwani. Bahasha ikipasuka na jina likabaki upande mwingine, revi inakuwa yatima. Hakuna anayejua ni ya nani. Wa tano ni kungoja. Kwetu barua nyingi zinaishia mu bwate postale, na mwenye bwate akikawia kupita, vumbi ya kiangazi, mvua ya masika na muchwa havimngojei.

TOKA UKANDA WA KARATASI MPAKA PLASTIKI

Wazee waliofanya kazi mu biro za zamani wanakumbuka magazeti yaliyofika yamefungwa na ukanda wa karatasi katikati, huku na huku wazi. Haikuwa uvivu. Posta za inchi nyingi zilikuwa na bei ndogo kwa vitu vilivyochapwa, na ili mtu apate bei ile, mfanyakazi wa posta alipaswa kuona kwamba ndani hakuna barua iliyofichwa. Njo maana ncha ziliachwa wazi. Marekani ilianza kuuza kanda hizo zenye tembri iliyochapwa juu yake mwaka wa 1861, Uingereza mwaka wa 1870. Bei ilikuwa nzuri, lakini revi ilifika imejiviringisha, na maji yaliingia ku ncha zote mbili.

Kisha plastiki ikaja. Mashini inafunga maelfu ya revi kwa saa mu sasheti nyembamba ya kuonekana ndani. Karatasi ya anwani inakaa ndani haipotei, matangazo yanaingia pamoja, mvua inabaki inje. Kwa miaka mingi wengi waliona shida imekwisha.

Haikukwisha, ilihama. Sasheti inafanya kazi siku chache, kisha inakaa takataka miaka na miaka. Kwa chama cha mimea hilo ni aibu ya pekee. Memba wake ni watu wanaogeuza maganda na majani kuwa mbolea, na kila mwezi chama chao chenyewe kinawaletea kitu ambacho udongo haukipokei. Malalamiko yakafika ku revi za kila aina. Mwaka wa 2018 revi National Geographic ilitangaza kwamba inaacha sasheti na kuchukua karatasi kwa memba wa Marekani, Uingereza na Uhindi. Ilihesabu kwamba hivyo itaepusha sasheti milioni 2,5 kila mwezi. Mwanzoni mwa 2019 gazeti The Guardian la London lilianza kufunga kurasa zake za mwisho wa juma na sasheti iliyofanywa na unga wa viazi, ile inayoweza kuoza pamoja na maganda ya jikoni.

Kila njia ina bei yake. Karatasi inaoza vizuri, lakini haizuii mvua kubwa. Sasheti ya viazi inazuia mvua kwa safari fupi, lakini imetengenezwa ili ioze, kwa hiyo haikupewa kukaa miezi mahali penye joto na unyevu. Mtu wa London anayepokea revi kwa siku mbili mlangoni mwake hana shida sawa na mtu wa Kolwezi. Chama kikichagua kwa kumwangalia yule wa karibu peke yake, yule wa mbali njo analipa.

KWETU: SHERIA IKO, NA MVUA IKO

Hapa Kongo, dekre namba 17/018 ya tarehe 30 desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sasheti na vifungio vingine vya plastiki. Majirani walitutangulia ao walitufuata: Rwanda ilikataza mifuko mwaka wa 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kila mtu anayeona mifereji ya mitaa yetu wakati wa mvua anajua kwa nini.

Lakini mvua ya Katanga, toka Novemba mpaka Machi, nayo haichezi. Basi tufanye nini? Tusinunue plastiki mpya kwa ajili ya kufunga karatasi. Tutumie tena ile iliyoko nyumbani tayari, na kazi kubwa tuipe karatasi na kartoni. Mfano: mtoto anasoma ku Lubumbashi, anataka kutuma revi kwa baba yake anayefanya kazi ya mazingira mu kampuni kule Fungurume, kwa posta ao kwa ajansi ya mabasi. Afunge hivi.

Kwanza, asiiviringishe. Revi ilale sawasawa. Iliyoviringishwa inapasuka mgongo kwenye agrafi, na haitarudi kunyooka vizuri.

Pili, aifunike na karatasi safi nyeupe. Asitumie gazeti la zamani moja kwa moja juu ya jalada, wino wake unahama likilowana.

Tatu, aweke vipande viwili vya kartoni, mbele na nyuma, vinavyozidi revi kwa upana wa kidole kila upande. Pembe zikigonga, igonge kartoni. Mistari ya ndani ya kartoni ya mbele isimame, ya nyuma ilale. Hapo haikunjiki kwa urahisi.

Nne, wakati wa mvua, afunge vile vipande vyote mu plastiki safi iliyokwisha kutumika, ao mu kipande cha mfuko wa unga uliofutwa vizuri. Jambo moja la kuangalia: revi iwe kavu kabisa mbele ya kufunga. Ukifungia unyevu ndani, umefanya tanuru ya ukungu.

Tano, inje aweke karatasi ngumu ya kaki. Ile ya katikati ya mfuko wa simenti inafaa, si ile iliyogusa simenti. Askochi inapita juu ya mikunjo yote, na mara moja kuzunguka kila ncha. Kamba peke yake haitoshi, inakata pembe.

Sita, anwani aiandike mara mbili: inje kwa kalamu isiyofutika na maji, na mara nyingine juu ya kikaratasi ndani, pamoja na namba ya simu ya mpokeaji na ya mtumaji. Koli ikipasuka, ile ya ndani njo itaiokoa.

Saba, amwambie mpokeaji siku ile ile iliyotumwa. Revi nyingi haziharibikii barabarani. Zinaharibikia mahali pa kungojea.

Kwa masomo makubwa, ao biblioteki inayopokea revi nyingi kwa mara moja, posta za dunia zina njia ya pekee: mfuko mmoja wa vitu vilivyochapwa kwa anwani moja, mpaka kilo 30, unaoitwa mfuko M. Si kila posta inautoa, lakini ni vizuri kuuliza ku giche. Mwalimu aliye Ulaya anayetaka kutumia shule mkusanyo wa revi za zamani anaweza kupunguza bei hivyo, kuliko kutuma bahasha moja moja.

IKIFIKA IMELOWANA

Usivute kurasa kwa nguvu. Usiweke juani ikiwa imefungwa. Kama ni ya kung’aa, wakati ni adui: ifungue taratibu ikiwa bado na maji, toka mbele mpaka nyuma, na weka karatasi nyeupe isiyong’aa kati ya kila kurasa. Badilisha karatasi zile zikishiba maji. Iweke mahali penye upepo, kivulini. Ikikaribia kukauka kabisa, njo uweke mzigo mzito juu yake usiku mmoja ili inyooke.

Kama leo huna nafasi kwa sababu ya kazi ya usiku, iweke mu sasheti na uitie mu friza. Wataalamu wa biblioteki wanafanya hivyo kwa vitabu vilivyolowana: barafu inasimamisha ukungu na kushikana, kisha unashughulikia kipande kwa kipande siku utakayokuwa na nafasi.

Halafu piga picha ya bahasha na ya revi, na andikia chama upesi. Vyama vingi vinachapa nakala chache zaidi kwa ajili ya zile zilizopotea, lakini haziko nyingi. Anayeandika mwezi uleule ana bahati kuliko anayengoja mwaka ukwishe. Sema sawasawa: namba ya revi, tarehe iliyofika, imeharibika namna gani. Na uwaambie unaishi wapi. Chama kinachojua kwamba memba wake wa Katanga wanapokea karatasi zilizolowana kila Januari kinaweza kuwafungia wao kwa kartoni, bila kubadilisha kitu kwa wengine wote.

NA INTANETI?

Mtu atauliza: juu ya nini kujisumbua na karatasi, wakati kila kitu kiko mu simu? Ni swali la haki. Kazi ya ile Bulletin ya Ubelgiji, tangu 2010, inaendelea mu revi yenye jina Plant Ecology and Evolution, na mtu anaweza kuisoma bure ku intaneti. Hiyo ni neema, na mwanafunzi yeyote aitumie.

Lakini revi nyingi za vyama vidogo ziko paka kwa karatasi, ao zinafungulia kwa intaneti yule tu anayelipa. Megabaiti nazo zinanunuliwa. Na kuna jambo lingine ambalo familia za wachimbaji zinalijua: simu inaibiwa, inaanguka mu maji, inauzwa wakati wa shida. Revi iliyokaa mu sanduku, mbali na muchwa na ukuta wenye unyevu, itasomwa na mtoto, kisha na mtoto wa mtoto.

Ikumbukwe pia kwamba kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inadai kampuni ifanye uchunguzi wa mazingira mbele ya kuchimba. Uchunguzi ule unauliza: kuna mimea gani hapa? Anayejibu anahitaji kulinganisha jani aliloshika na picha ao maneno yaliyoandikwa na wengine. Kama mtoto wa cité yetu ana zile kurasa mkononi, yeye njo atajibu, hatangoja mgeni aje kumtajia maua ya mlima aliozaliwa chini yake.

Kwa hiyo, mama, siku utakapokuta ku bwate postale bahasha ya baba wa nyumba, ao mtoto akituma moja kwa basi, usiiweke chini karibu na jiko wala juu ya dirisha. Itazame kama pembe ziko nzima. Kama imelowana, ifungue siku ile ile. Na ile kartoni yake usiitupe; itatumika kwa safari nyingine.